Petro Alipoelekea Kongo

Kabla hujagusa kioo cha rangi, lamba kidole. Msicheke. Najua ninyi vijana mna glavu, na mna simu za kupigia picha kila kitu kabla hamjakiondoa mahali pake. Vizuri sana. Lakini lambeni kidole kwanza, halafu mkipitishe taratibu juu ya kioo, upande huu na upande ule. Upande mmoja utateleza. Wa pili utakwaruza kidogo, kama shavu la mwanaume aliyenyoa juzi. Huo unaokwaruza ndio uliochorwa macho, pua, ndevu na magamba ya samaki, na huo hukaa ndani ya jengo, mbali na mvua. Mimi nilijua hayo kabla sijaota mvi. Siku moja nikayasahau, na kwa sababu hiyo Mtume Petro akageuza mtumbwi wake na kuelekea Kongo mbele ya kanisa zima.

Hapa Nchelenge, ufuko wa ziwa unaotazamana na Kongo, wachache wanalijua jina langu la ubatizo. Wakongomani wenzangu waliniita Papa Vitre, yaani baba wa vioo, na Wabemba, wenyeji wa hapa, wakaona jina ni rahisi, wakalichukua. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto, na huko nilikata vioo vya madirisha ya kawaida, vya nyumba za watu na vya ofisi. Vita vilipotufikia nilivuka ziwa na kisu changu cha kukatia kioo nikiwa nimekificha ndani ya soksi. Viatu vyangu vizuri vya Jumapili niliviacha chini ya kitanda. Mke wangu ameniuliza kwa miaka yote hii ni mtu wa namna gani huyo anayeokoa soksi na kuacha viatu, na sijapata jibu la kumridhisha.

Tulikaa makambini kwanza, kisha nikapata kijimeza sokoni Kashikishi, katikati ya akina mama wa samaki wakavu, nikawa natengeneza fremu za picha za harusi. Kila picha niliyoiuza mwaka ule ilinukia samaki, na ndoa hizo zimedumu.

Hapo ndipo BaMwansa aliponikuta. Alikuwa mzee wa hapa hapa, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na ndiye mtu pekee katika ufuko huu wote aliyejua kutunza vioo vya rangi. Alifundishwa na wamisionari akiwa kijana. Alichukua kipande cha kioo mezani kwangu, akakitazama ukingo wake, akaniambia kwa Kibemba nilichokuwa bado nakibahatisha kwamba mkono wangu ni mzuri ila nina haraka ya mtu anayefukuzwa. Nilimwambia ni kweli nilifukuzwa. Alicheka, akaniambia nije kanisani Jumatatu.

Kanisa lenyewe mnalijua, lile la matofali mekundu kando ya barabara ya ziwani. Mlango wake unatazama magharibi, ziwani, na madhabahu iko mashariki. Ukuta wa kaskazini una dirisha kubwa moja, na ukuta wa kusini una lingine linalolingana nalo. BaMwansa alinisimulia kwamba vioo vilifika wakati wa babu yake ndani ya masanduku yaliyojaa unga wa mbao. Wapagazi waliambiwa wabebe polepole, na kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kilichomo, walikubaliana wenyewe kwamba ndani kuna muzungu mgonjwa. Wakawa wanamsalimia kila asubuhi kabla ya kumwinua.

Dirisha la kaskazini ndilo la Petro. Ameketi ndani ya mtumbwi, wavu umejaa samaki, na mtumbwi unaelekea mashariki, kuja kwenye madhabahu. Petro mwenyewe ni wa rangi ya waridi, ana pua ndefu, ndevu za mawimbi. Samaki wake ndio walioleta mabishano ya miaka mingi, maana wavuvi wa Kashikishi hawawezi kukaa chini ya samaki bila kutaka kujua ni samaki gani. Kuna waliosema ni makobo. Kuna waliosema makobo hana mkia ule. Mzee mmoja wa kutoka Puta aliapa kwamba ni samaki wa zamani aliyekwisha ziwani. BaMwansa aliniambia kwa siri kwamba mchoraji labda hakuwahi kuona samaki ila mezani.

Dirisha la kusini lilivunjwa na dhoruba kabla mimi sijavuka. Nilipofika tundu lake lilikuwa limefunikwa kwa bati, na bati lile likipigwa na upepo wa ziwa lilijibu mahubiri.

Sasa nisikilizeni kuhusu kazi. Kioo cha rangi hakishikani na kioo kingine. Vipande vyote vinashikwa na mikanda ya risasi yenye mfereji huku na mfereji huku, na kila kipande kinaingia mferejini kama ulimi. Risasi ninayosema ni ile metali laini, si ya bunduki. Baada ya miaka mingi ya jua inachoka, na dirisha linaanza kutoa tumbo. Petro alikuwa na tumbo la kutisha. BaMwansa alisema tukimwacha msimu mmoja zaidi atatuangukia wakati wa komunyo.

Kabla ya kulishusha dirisha unachukua alama zake. Unabandika karatasi juu ya kioo, unasugua kwa mkaa, na mistari yote ya risasi inatokea kwenye karatasi. Hiyo ndiyo ramani yako. Dirisha letu lina mapande matatu, la juu, la kati na la chini, kwa hiyo tulikuwa na karatasi tatu, za mifuko ya unga iliyopasuliwa. BaMwansa alizisugua yeye mwenyewe akiwa amesimama ndani ya kanisa, na pembeni mwa kila karatasi akaandika kwa herufi kubwa *mukati*, yaani ndani. Hakunieleza kwa nini. Alidhani mtu yeyote mwenye akili ataelewa.

Tulifanya kazi kiangazi chote katika chumba cha nyuma. Tulivua risasi ya zamani, tukaosha vioo kwa maji na sabuni ya kipande tu, maana sabuni kali inakula rangi ya sura. Tukapanga kila kipande juu ya karatasi yake, tukafunga mikanda mipya, tukalehemu maungio. Kulehemu kunataka ulimi mtulivu. Ukiongea, mkono unaongea nawe, na tone linadondoka pasipotakiwa. Mimi naongea sana, kama mnavyoona, kwa hiyo BaMwansa alinipa msumari niushike kwa meno. Na risasi ni sumu: dirisha wazi, mikono inaoshwa kabla ya chakula, na chakula hakiingii chumbani.

Hiyo kanuni ya chakula ndiyo iliyoniponza. Siku ya kuweka dirisha BaMwansa alikuwa amelala na malaria. Alimtuma mkewe aniambie nimsubiri. Mimi nikaona mawingu ya kwanza upande wa Kilwa, ng'ambo ya ziwa, nikajisemea kwamba fundi hasubiri ruhusa ya kuwa fundi. Asubuhi nilinunua karanga za kukaanga, na kwa kuwa sikuruhusiwa kuzila chumbani nilitaka kutoka nazo nje. Sikuwa na cha kufungia. Nikachana pembe za zile karatasi tatu.

Mmeshaelewa. Nilikula karanga zangu, nikatupa neno *mukati* mara tatu, nikapanda ngazi. Nilipanda upande wa nje, kwa sababu puti, ule udongo wa kushikiza kioo kwenye fremu, hupakwa kwa nje. Kwenye karatasi mtumbwi ulielekea kulia. Nami nikauelekeza kulia. Lakini kulia kwa mtu aliye ndani akitazama ukuta wa kaskazini ni mashariki, na kulia kwangu mimi niliyekuwa nje ni magharibi. Nilikuwa nimevaa glavu, kwa hiyo kidole hakikuniambia kitu. Mapande yote matatu yaliingia sawasawa, maana tundu la mraba halina habari na upande. Nilipaka puti, nikashuka, nikajipongeza, nikaenda kuoga.

Jumapili watu waliingia wakaanza kusifu. Rangi zilikuwa zimeamka kweli: bluu ya maji, wekundu wa joho, vyote vimemwagika sakafuni mpaka kwenye miguu ya kwaya. Nilikaa benchi la pili na shati jeupe nikipokea salamu. Pasta wetu, mtu wa huku huku Luapula, mpole lakini ulimi wake una pilipili, alipanda mimbarini, akatazama dirisha. Akatazama tena.

"Ndugu zangu," alisema, "naona Petro anatoka kanisani kabla ya baraka."

Kanisa lilichelewa kidogo, kisha lilianza kucheka kutoka mbele kwenda nyuma. Mvuvi mmoja alinyoosha mkono akauliza kama Petro ameupitisha wavu wake kwa wakaguzi, au anawavushia Wakongomani samaki kwa njia ya panya. Hapo hata kwaya ilishindwa kuimba. Nilitamani sakafu inimeze na shati langu.

BaMwansa aliletwa Jumanne juu ya baiskeli ya mpwa wake, amejifunga blanketi. Alizunguka nje, akapanda ngazi vidato viwili, akalamba kidole, akakipitisha kwenye mguu wa Petro. Akanigeukia.

"Karatasi yangu ilikuwa na neno," alisema.

"Nilifungia karanga, mukwai," nilijibu, kwa neno la heshima la Kibemba.

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka tukamshusha. Kisha akawa hacheki tena. Alinieleza kwamba sura ya Petro sasa iko mvuani. Mchanga wa ufukoni ukirushwa na upepo, na mvua zikipiga mwaka baada ya mwaka, macho yatafutika, kisha pua, kisha ndevu. Hakuna aliyebaki wa kuvichora tena. Puti ilikuwa bado mbichi. Tugeuze sasa, alisema, wiki hii.

Na tungegeuza, kama si Mama Feza.

Mama Feza aliuza samaki wadogo wakavu, wale chisense, meza ya tatu kutoka kwangu sokoni. Alikuwa wa kwetu ng'ambo, mjane, mdomo wake haukuwa na breki. Miaka yote alikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na alisema ni kwa sababu ya hewa. Jumatano ile nilimkuta kanisani peke yake, amekaa benchi la mbele kabisa, chini ya dirisha, beseni lake likiwa sakafuni ndani ya ile bluu.

"Papa Vitre," aliniambia, "banasema utageuza tena."

Nilimwambia ndiyo, nimekosea.

"Hapana, haukukosea. Angalia. Depi nilifika huku, ile mtumbwi iko inakuya tu. Kila Yenga inakuya, inakuya. Mi niliisha kuya. Mi niko hapa. Nani ananiambiaka ya kurudia? Sasa minaona iko inarudia kwetu. Minaweza kuisali." Yenga ni Jumapili, depi ni tangu, na kuya ni kuja, kwa wasiojua. Akafuta mikono kwenye kitenge. "Uache vile. Ni weye mutu wa kwetu, uache."

Hata mimi, kusema kweli, nilikuwa nimeutazama mtumbwi ule ukielekea ziwani nikatamani kuupanda. Dada yangu alikuwa bado ng'ambo.

Habari zikaenea. Wakongomani wengi wakasema uachwe. Wabemba wengi wakasema Petro ni mtu wa madhabahuni, hana shughuli Pweto. Haikuwa ugomvi wa chuki, walitaniana zaidi ya kugombana, lakini Pasta akaitisha wazee wa kanisa, na mimi nikaitwa kama fundi. Swali lilikuwa moja. Je, dirisha linaweza kugeuzwa bila kuvunjika?

Nikasema haliwezi.

Nawaambieni jinsi ilivyokuwa. Nilisema uongo, ndani ya kanisa, mbele ya wazee saba, na mwalimu wangu amekaa pembeni na blanketi lake. Nilisema puti imeshakauka na kioo kitapasuka. BaMwansa alijua puti haikauki kwa wiki moja. Wazee wakamuuliza yeye anaonaje, akajibu kwamba fundi wa dirisha hili ni Papa Vitre, muulizeni yeye. Hakunifichua. Afadhali angenifichua.

Nilimsindikiza nyumbani nikisukuma baiskeli. Tulipofika mlangoni kwake aliniuliza kitu kimoja.

"Kama uso ule ungekuwa wa mama yako, ungeuacha mvuani?"

Kesho yake kabla ya jua kupanda nilikwenda kwa Pasta nikamwambia kwamba nilidanganya. Pasta alikuwa anapiga mswaki. Alitema, akaniambia hilo alilijua tangu nilipoanza kueleza kirefu. Tuligeuza dirisha siku hiyo hiyo, BaMwansa akiwa chini ameshika ngazi na mimi juu, bila glavu. Kipande kimoja tu kilipata ufa, kwenye kona ya maji, na ufa huo upo mpaka leo.

Mama Feza hakunigombeza, na kwa mtu kama yeye hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Alirudi benchi la mwisho. Sokoni aliniuzia samaki bila kunisalimu. Nilimwamkia, akanipimia. Nilimtania, akanirudishia chenji. Kwa wiki tatu mke wangu alikula chisense zilizopimwa kwa hasira na akasema zina ladha ya hasira.

Nilimwambia BaMwansa kwamba siwezi kuendelea hivi. Alinipeleka nyuma ya chumba cha kuvalia kanzu, akavuta kutoka chini ya kabati debe la mafuta ya kupikia. Ndani yake, juu ya unga wa mbao, kulikuwa na vipande vya dirisha la kusini. Alikuwa amevikusanya kimoja kimoja asubuhi ya dhoruba, hata vile vilivyo sawa na ukucha. Vingi ni vya bluu, na vya kijani kidogo.

"Sikujua naviweka vya nini," alisema. "Mtumbwi unahitaji maji, na maji tunayo."

Ndivyo tulivyoanza. Risasi hatukuwa nayo, kwa hiyo Pasta alitangaza, na wavuvi wakaanza kuleta zile wanazofunga chini ya wavu uzame. Kila mmoja alikata moja au mbili. Mvuvi yule wa njia ya panya alileta konzi nzima, akasema ni toba. Tuliziyeyusha kwenye sufuria ya chuma nje, tukiwa tumesimama upande upepo unakotoka, tukazimimina katika kalibu ya mti mgumu tuliyoichonga mifereji. Mikanda ya kwanza ilitoka minene kama vidole vya mtoto. Tukayeyusha tena. Risasi haikasiriki, unaweza kuirudia mara kumi.

Mama Feza alisikia, akaja "kuona mambo ya upuuzi." Alisimama juu ya mchoro wangu mezani, mikono kiunoni. Nilikuwa nimechora mtumbwi na mvuvi na wavu.

"Na nani atauzisha hii samaki?" aliuliza.

Nilimwonyesha mvuvi kwa kidole.

"Mwanaume anavua, vwala, anamaliza. Nani anakausha? Nani anabebaka beseni? Weka mama mule ndani. Na asikae nyuma."

Nilifuta mvuvi. Nikamweka mama ameketi mbele ya mtumbwi, beseni juu ya magoti, na nyuma yake mtu mdogo tu wa kupiga kafi. Mama Feza alisema bado mtumbwi umekonda, lakini alisema hayo akinisalimu, na mimi nilirudi nyumbani nikipiga mluzi.

Tatizo likawa uso. Debe halikuwa na kioo cha rangi ya mtu. Kile cha waridi cha kina Petro kisingemfaa. Tulijaribu kijani, mama akaonekana mgonjwa. Tulijaribu njano ya taa ya zamani ya gari, akaonekana mgonjwa zaidi. Kisha nikainua kwenye jua kipande cha chupa ya bia, ile ya kahawia. Ilikuwa rangi yetu hasa, ya shavu la mtu aliyetoka juani, na ndani yake mna mwanga.

Pasta alikataa. Alikuwa amehubiri dhidi ya chupa ile miaka mingi na sasa tunataka kuitundika ukutani. BaMwansa hakubishana. Alimwomba Pasta ainue mkono wake dirishani, akaweka kioo kando ya mkono, akasubiri. Pasta alitazama mkono na kioo, kioo na mkono. Mwishowe alisema sawa, ila chupa yenyewe iwe imekutwa tupu. Tulimhakikishia kwamba zote tulizikuta tupu, na kwa siku kadhaa vijana wengi walijitolea kuhakikisha hivyo.

Chupa ni duara, na kioo cha dirisha ni bapa. Hili andikeni. Tulikata vipande, tukavilaza juu ya udongo laini ndani ya tanuru la matofali la jirani, moto ukavilegeza vikalala. Vya kwanza tuliviondoa mapema, vikapasuka vyote mikononi mwetu, tiki, tiki, tiki. Mara ya pili tuliviacha ndani ya majivu mpaka tanuru lenyewe lilipopoa, siku nzima na zaidi. Vilitoka vitatu vizima. Rangi ya kuchoma ya kuchorea macho hatukuwa nayo, kwa hiyo mama wa mtumbwini hana macho wala mdomo. Ana kichwa kilichoinama kidogo, kitambaa cha bluu, na shavu. Watu wote wa ng'ambo wanasema wanamjua.

Nilimweka mwenyewe, mtumbwi ukielekea magharibi, ziwani. Nililamba kidole ingawa hapakuwa na mchoro. BaMwansa alinicheka kutoka chini.

Na hapa kuna jambo ambalo hatukulipanga, na sitajifanya tulilipanga. Kiangazi jua letu hupita upande wa kaskazini, na mvua zikija hupita kusini. Kwa hiyo kiangazi ni Petro anayemwaga rangi sakafuni, anakuja. Masika ni yule mama, anakwenda. Mtumbwi mmoja unawaka wakati mwingine umepumzika. Tuligundua hilo mvua za mwaka wa kwanza, Jumapili asubuhi, wingu lilipofunguka ghafla na kahawia ile ikatua kwenye kitabu cha nyimbo cha Pasta. Alikatisha wimbo ili aitazame.

Mama Feza alihamia benchi la mbele, upande wa kusini, na hapo alisali miaka yake yote iliyobaki huku. Sikumsikia tena akizungumza juu ya hewa.

BaMwansa amekwisha kufariki. Aliniachia kofia, debe, na zile karatasi tatu zenye pembe zilizochanwa, ambazo alizitunza ili wageni wakija awaonyeshe na acheke. Siku hizi vidole vyangu vimekufa ganzi kwa miaka ya risasi na ukingo wa vioo. Siwezi tena kuuhisi upande unaokwaruza. Ndiyo maana nawasumbua ninyi.

Siku ya mwisho nitakayowasimulia ilikuwa ya kiangazi, katikati ya wiki. Ng'ambo palikuwa pametulia na watu wa makambini walikuwa wanarudi kwa zamu. Nilikuwa juu ya ngazi, ndani, nafuta vumbi kwenye dirisha la Petro, nikasikia mlango. Mama Feza aliingia na begi moja la kusafiria na lile beseni lake, limejaa sufuria. Boti ilikuwa inamngoja Kashikishi.

Nilidhani atakwenda benchi lake, kwa yule mama wa kahawia. Nilishuka nimpishe. Hakwenda huko. Aliliweka beseni chini, akaja kukaa kaskazini, chini ya Petro, na rangi zote zikamkalia kwenye mapaja.

"Mama, dirisha lako ni lile," nilimwambia.

"Najua. Ile ya kurudia niliisha kuisali, na njo ninaenda." Aliinua macho akamtazama Petro kwa muda mrefu. "Leo nakuya kushukuru hii yenye ilinileta."

Nilikaa benchi la nyuma yake. Alisali kimya, nami sikusali, nililia tu, na sioni aibu kuwaambia. Alipomaliza alisimama, akajitwisha beseni, akamtazama Petro mara moja tena, macho, ndevu na ile pua ndefu.

"Pua yake iko yote," alisema. "Ulifanya muzuri kumugeuza."

Kisha alinipa mkono, akaniambia nimsalimie mke wangu, na akatoka kwa mlango wa ziwani.